Kahawa Aliyoitafuta Shemeji

Kila asubuhi, kabla vitumbua vyangu vya kwanza havijaiva, Shemeji alikuwa ameshasimama mbele ya jiko langu na kikombe kimoja kidogo mkononi. Hakuketi. Kuketi hakukuwa tabia yake. Alinipa kikombe, akanitazama mdomo, akangoja nimeze.

"Je?"

"Bado, shemeji."

Alikipokea kikombe chake, akamwaga kilichobaki kwenye shina la mpapai wangu, akavuka njia kurudi kwenye benchi lake. Salamu tulikuwa tumeshapeana kwa mbali. Hayo maneno machache ndiyo yalikuwa maongezi yetu ya kutwa nzima, na nikwambie kweli, mie niliamka kwa ajili yake.

Alichokitafuta kilijulikana na kila mtu aliyepita njia ile ya kwenda stesheni. Alitaka kuipika tena kahawa aliyokuwa akipikiwa na mkewe. Mkewe alikuwa dada yangu, si wa tumbo moja, wa ukoo mmoja, na kwetu Uluguru hilo linatosha. Ndiyo maana mji mzima walimwita Mzee wa Kahawa na mie peke yangu nikamwita Shemeji. Dada alifariki. Shemeji hakubaki na nguo yake wala mtoto wa kumtazama usoni. Alibaki na ladha mdomoni, na katika Morogoro yote mtu mwingine aliyewahi kuionja ladha ile nilikuwa mimi tu. Basi kila siku alipika kwa namna fulani, akaniletea, nikasema bado.

Sasa niseme na la pili mapema, usije ukaniona mtu mwema. Ile kahawa nilijua ilipikwaje. Nilijua tangu siku ya kwanza.

Usimfikirie kama wauza kahawa wa siku hizi wanaozunguka wakigonganisha vikombe. Yeye hakuzunguka, watu walimfuata, na ukimfuata hakukupa kahawa, alikupa maswali. Unaamka saa ngapi? Jana ulikula nini? Ugali ukishika chini ya chungu, wewe ni wa kukwangua au wa kuacha? Mtu ameshuka kwenye gari la moshi, ana vumbi mpaka kwenye kope, anataka kitu cha moto aende zake, na mzee huyu anamwuliza habari za ukoko. Wengine waliondoka wakisonya. Waliobaki walirudi kesho yake.

Alikuwa akisema kahawa mbaya hajapata kuiona, aliowaona ni watu waliopewa ya wenzao. Kwa hiyo alipika kwa njia tofauti, kila moja na wenyewe. Wa kukwangua ukoko aliwapa ya dele, birika la shaba, ile ya pwani: buni imekaangwa ikawa nyeusi, imetwangwa ikawa vumbi, inachemka na tangawizi mpaka inapanda, anaiondoa motoni ishuke, anairudisha, mara tatu. Ukiimeza unasimama wima. Makarani na wenye matumbo ya wasiwasi aliwapa ya kitambaa, ambayo aliitoa jikoni kwa Mdachi, yaani Mjerumani, alikokuwa mpishi. Alikuwa na mfuko mdogo wa bafta nyeupe. Buni iliyosagwa chengachenga aliitia humo, akamimina maji ya moto kutoka juu kidogo kidogo, hana haraka, kahawa ikadondoka nyepesi hata unaona sakafu ya kikombe. Watu wa kazi za jua, waliotoka kupakia mizigo ya reli, aliwachemshia kwenye chungu pamoja na maji ya muwa. Na kulikuwa na moja ya ajabu ambayo baada ya kukaangwa haikuona moto tena. Aliiloweka kwenye maji ya mtungi kutwa, akaichuja, mtu akainywa baridi. Hiyo aliwapa waliotoka kuugua homa, wakasema ni tamu bila sukari. Wengine waliiogopa wakidhani ni dawa.

Karani mmoja wa boma alitaka ya dele. Kijana mwembamba, kanzu imepigwa pasi, kofia nyeupe. Shemeji alimwuliza maswali yake, akamwambia, "Ya kwako ni ya kitambaa, bwana karani." Kijana akakataa, kwa sababu wafanyabiashara wakubwa walikuwa wamekaa pale pale na vikombe vya dele mkononi. Akapewa. Akaimeza kwa ubishi na macho yakimtoka. Kesho yake alikuja akisema moyo ulimwenda mbio mpaka alfajiri, ila aliagiza ile ile.

Kuanzia siku hiyo Shemeji alimpikia ya kitambaa pembeni, akaitia ndani ya dele tupu, akammiminia kutoka kwenye dele mbele ya watu. Kijana alikunywa, akapiga midomo, akasema, "Hii ndiyo kahawa ya wanaume."

"Naam, bwana karani," Shemeji akajibu.

Alipokwisha kwenda nikamwambia, "Shemeji, unamdanganya mtoto wa watu."

"Simdanganyi. Mdomo wake unataka hii, masikio yake yanataka ile. Nimempa zote mbili."

"Huo ni uongo tu umevaa kanzu."

"Amelala, hakulala?"

Kweli, alilala. Karani yule alikunywa hivyo mpaka alipohamishwa, na kila alipopita kwangu kununua vitumbua alitembea kifua mbele.

Mtu wa namna hiyo, aliyeweza kukusoma kwa ukoko wa ugali, yeye mwenyewe hakunywa kahawa. Alikunywa maji ya moto matupu kwenye kibuyu. Nilimwuliza mara moja kwa nini, akasema mdomo ukishajaa nyingine hautaitambua ile ikija. Vyombo vyake vilikuwa safi hata ukajiona ndani ya dele, lakini chumba alichopanga kule nyuma ya msikiti kilikuwa na utando wa buibui kila pembe, na mkeka mmoja uliochoka. Wateja alikuwa mpole nao mno. Watu wa nyumba moja naye hawakujua sauti yake. Aliwajua watu mia kwa midomo yao, na hakuna hata mmoja aliyejua anakula nini jioni. Mie nilijua. Alikula vitumbua vyangu vilivyobaki, vya baridi, amesimama.

Na mimi, nikwambie, hakuniuliza hata siku moja. Wageni wa gari la moshi aliwauliza, Wagiriki wa reli aliwauliza kwa Kiswahili cha kuvunjika. Mie niliyekaa ng'ambo ya njia, hatua ishirini, hakuwahi kuniuliza naamka saa ngapi. Kahawa aliyoniletea kila siku ilikuwa ya mtu mwingine. Hilo liliniuma, nisiseme uongo. Lilikuwa linaniuma na bado nilikuwa nangoja kikombe.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni ganda. Buni aliyonunua aliimwaga kwenye ungo, akaikagua punje moja moja, akapepeta, akakagua tena. Akiona kipande cha ganda kilichokauka alikitoa kwa ncha za vidole na kukitupa mbali, kwa kinyaa. "Ganda ni la mbuzi," alisema. Siku moja mtu mkubwa wa boma alikuwa ameshapokea kikombe, Shemeji akaona kitu cheusi kinaelea. Akamnyang'anya yule bwana kikombe mkononi, akamwaga dele zima chini, akaanza upya. Sisi tulioona tulidhani atatandikwa viboko. Yule bwana alikuwa na hali njema siku ile, akacheka akangoja.

Basi hapo ndipo kilipokuwa kisa chenyewe.

Wakati ule Shemeji alipokuwa mpishi wa Mdachi mwenye shamba la kahawa kule mlimani, ndipo alipomwoa dada. Alihamia kwetu, kama ilivyo desturi, mume huja kwa mke. Jioni alirudi na buni kidogo safi aliyopewa jikoni, akamfundisha mkewe kuipika. Mwezi mzima alimsimamia. Kagua, pepeta, kaanga, usiunguze, twanga, chemsha, chuja. Dada alikuwa akiitikia, naam, naam. Halafu asubuhi mume akitoka kwenda kazini, ananiita nyuma ya nyumba.

"Njoo tutwange. Mume wangu ameniletea kahawa iliyooshwa mpaka imesahau ilikotoka."

Sisi wanawake wa mlimani ndio tuliochuma na kukoboa kwenye shamba lile. Buni yote ilikwenda na Mdachi. Sisi tuliachiwa maganda yaliyofagiwa sakafuni, na kwa maganda hayo ndipo tulipojifunza kahawa. Tuliyaanika juani mpaka yakawa meusi na kukunjamana, tukayakaanga kwenye kigae, tukayatwanga kwenye kinu kile kile cha mahindi, tukayachemsha. Inakuwa na utamu wa mbali, na uchachu kidogo, na moshi. Kwetu hiyo ndiyo kahawa. Dada alichanganya viganja viwili vya maganda na kimoja cha buni ya mumewe, akachuja mara mbili ili kusibaki kitu. Jioni Shemeji alikunywa, akafumba macho, akasema, "Unaona? Nilikwambia siri ni kupepeta."

Tulicheka mie na dada mpaka tukashika mbavu. Shemeji alikuwa anajisifu kila mahali. Kwa wakwe, kwa jirani, hata kwa Mdachi wake alisema mkewe anapika kahawa kuliko mpishi, na aliyemfundisha ni yeye. Nikamwambia dada, "Iko siku nitamwambia huyu mume wako."

"Usimwambie," akasema. "Mwangalie anavyofurahi."

Alipougua, ugonjwa wa kifua uliommaliza kwa masika moja, nilikuwa namkanda miguu. Hakuniachia wosia mkubwa. Alisema, "Ile ya maganda usimwambie. Anajivunia." Nikamwapia.

Ninalokuja kulisema sasa silipendi. Kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama, na watoto ni wa ukoo wa mama, wako mkononi mwa mjomba wao. Mume ni mgeni mwenye jembe. Mke akifa, mgeni anaaga. Hatukuibuni sisi kwa ajili ya Shemeji. Baba yangu mwenyewe aliondoka hivyo hivyo. Arobaini ilipokwisha, mndewa, mkuu wa ukoo wetu, alimketisha Shemeji, akamkirimu, akamwambia kwa upole kwamba nyumba sasa itafagiwa. Watoto wawili, binti na mdogo wake wa kiume, walikuwa wamekaa upande wa mjomba wao tayari. Shemeji aliomba kitu kimoja tu, chungu ambacho dada alikuwa akipikia kahawa. Mjomba wa watoto akasema vyungu vya mama ni vya binti yake. Hakusema kwa ubaya, ndivyo ilivyo.

"Sawa," Shemeji akasema.

Alishika dele lake, akateremka mlima. Mie nilikuwa mmoja wa wanawake waliofagia ile nyumba. Nilifagia vizuri, hata nyayo zake zikatoka. Mwaka uliofuata mume wangu naye alikwenda na kazi ya reli kuelekea bara na hakurudi, wala hakuleta salamu, nikateremka mjini kukaanga vitumbua. Nikamkuta ng'ambo ya njia. Aliponiona tu, kabla hata ya kuniuliza habari za watoto, alimimina kikombe akavuka nacho.

"Wewe uliwahi kunywa kwake," alisema. "Onja. Je?"

Ilikuwa ya kitambaa, nyepesi, nzuri sana. Nikaikumbuka ahadi ya dada. Nikasema, "Bado, shemeji," na usoni mwake nikaona kitu ambacho sikuwa nimemwona nacho tangu mazishini. Alikuwa na kazi ya kufanya kesho.

Mwanzo nilinyamaza kwa sababu ya kiapo. Baadaye, na hili nimelikubali uzeeni, nilinyamaza kwa sababu yangu. Ningemwambia, angepika, angepata, na akishapata angevuka njia kuja kufanya nini? Mie nilikuwa na nani mwingine? Wateja wa vitumbua hawakai. Nilirudi chumbani kwangu Kilakala jioni, nikafunga mlango, na sauti ya mwisho niliyosikia ilikuwa ya komeo langu mwenyewe.

Kila Ijumaa, akiwa msikitini, nilikaanga maganda yangu. Nilikuwa nayo kwenye kikapu juu ya dari ya jiko. Watu wa kwetu waliokuja sokoni na mboga waliniletea. Nilipika kama dada, nikanywa peke yangu upande wa nyuma, nikapepea moshi kwa kipepeo mpaka harufu ikaisha. Watu wakitoka msikitini mie nimeshaosha mdomo. Ilikuwa tamu na haikunishuka vizuri hata mara moja.

Mwaka mmoja alikuja na wazo. Mvua ilikuwa inanyesha, tumejibanza wote wawili chini ya upenu wangu, akasema, "Labda ni maji."

"Maji gani?"

"Haya ya mto wa hapa yameshapita kwa watu wengi. Yeye alichota kwenye chemchemi, pale juu ya migomba ya mjomba."

"Shemeji, kule si kwako tena."

"Siendi kukaa. Naenda kuchota."

Akaenda. Nusu siku ya kupanda, na umri ule. Alinisimulia aliporudi, na alisimulia kwa maneno machache. Shemeji yake wa kiume, yaani mjomba wa watoto, alikuwa shambani, akamwona anapanda na mtungi. Hakumzuia. Hakumsalimu. Aliegemea jembe akamtazama mpaka alipomaliza kujaza. Njiani akakutana na msichana mkubwa amebeba kuni. Yule msichana akapisha njia, akainamisha macho kama wafanyavyo kwa mzee yeyote, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba," Shemeji akamjibu.

"Alikujua?" nikamwuliza.

"Ana adabu nzuri," alisema.

Asubuhi yake akapika kwa maji yale. Alitumia chungu kipya, akakagua buni yake punje kwa punje, safi, haina ganda hata moja, akavuka njia na kikombe. Alivuka kwa haraka hata kahawa ikamwagikia kwenye kidole. Nikaonja. Nilitaka kusema. Wallahi nilifungua mdomo.

"Je?"

"Bado, shemeji."

Hakuimwaga kwenye mpapai siku ile. Alibaki ameshika kikombe mpaka kikapoa, akaondoka nacho. Ile bado moja ndiyo ninayoijutia kuliko zote. Siku tatu hakufungua benchi lake, nikakaanga vitumbua vikaungua, nikavitupa. Siku ya nne akaja na ya kulowekwa baridi, na sote tukajifanya hakuna kilichotokea.

Hakurudi kutoka vitani. Naliweka hapa katikati ili nisilazimike kumalizia nalo.

Vita vya Mdachi na Mwingereza vilipofika karibu, mji ulichakaa kwa wiki chache. Sukari ikaisha, buni ikaisha, watu walikuja kwenye benchi la Shemeji kuomba moto tu. Mdachi alikuwa anajiandaa kuondoka na jeshi lake kuzunguka milima kwenda kusini, na askari walipita nyumba kwa nyumba wakikamata watu wa kubeba mizigo. Shemeji alikuwa mzee, wangemwacha. Lakini boma kuna mtu alikumbuka kwamba aliwahi kuwa mpishi wa Mdachi. Wakamwandika jikoni, na kubeba sufuria zenyewe.

Alikuja kuniaga asubuhi. Hakuwa na kikombe. Miaka yote hiyo, ilikuwa mara ya kwanza kumwona anavuka njia ile na mikono mitupu.

"Sina buni, shemeji," alisema, kama anayeomba radhi. "Leo hakuna."

"Keti," nikamwambia.

"Wanatutaka boma kabla ya adhuhuri."

"Nimesema keti."

Akaketi. Juu ya kibao changu cha kukalia, magoti yamefika karibu na kidevu. Nikateremsha kikapu kutoka darini mbele ya macho yake. Nilikuwa na maganda ya kutosha na viganja viwili vya buni nilivyoficha tangu sukari ilipoanza kuadimika. Nikakaanga kwenye kigae. Moshi ulipopanda alifumba macho, pua ikamcheza. Nikatwanga, nikachemsha. Kuchuja sikuchuja. Nilitaka aone, maana kusema kwa mdomo nisingeweza.

Nikammiminia, nikakaa chini mbele yake. Safari hii mie ndiye niliyemtazama mdomo.

Alikunywa funda moja. Akanywa la pili, halafu akakiinamisha kikombe kidogo kuelekea kwenye mwanga, akaingiza kidole, akatoa kipande cha ganda. Akakiweka kiganjani. Alikitazama muda mrefu, yule mtu aliyemnyang'anya mkubwa wa boma kikombe kwa ajili ya kitu kama kile. Mie nilikuwa nalia tayari, sikuficha.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mwezi ule uliomfundisha."

"Siku zote?"

"Siku zote, shemeji. Viganja viwili kwa kimoja."

Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, na nadhani alilia pia, lakini alikuwa anacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka kabla ya hapo. "Alikuwa mkaidi, dada yako," alisema. "Naam, naam, mwezi mzima." Akalitia lile ganda mdomoni, akalitafuna, akalimeza.

Kisha akanyoosha kikombe nimwongezee. Cha pili akakimaliza bila haraka, ameketi, na mie nikangoja aniulize lile jingine, kwa nini nilimwacha apande mlima na mtungi. Nilikuwa na jibu. Ningemwambia, kwa sababu ulikuwa unakuja. Hakuniuliza. Alisimama, akakiosha kikombe changu kwa maji ya kwenye kata, akakipindua juu ya jiwe, akajifunga shuka yake kiunoni.

Nikaona anaondoka hivi hivi. Nikamwuliza mie.

"Je?"

Alinitazama, macho safari hii. "Bado, shemeji," akasema. "Nikirudi tutajaribu tena."

Alikuwa anadanganya. Nilijua, kwa sababu kwa neno lile lile nilikuwa nimemdanganya kila asubuhi, na yeye alijua kwamba nimejua. Nikasema, "Haya. Nitakungoja," nikajifuta uso kwa upindo wa kanga.

Akavuka njia. Alifika kwenye benchi lake, akaligusa, akapita. Halafu akasimama, akageuka, akaita kutoka ng'ambo kwa sauti ile aliyowaitia wageni wa gari la moshi.

"Shemeji. Ugali ukishika chini ya chungu, wewe ni wa kukwangua au wa kuacha?"

"Wa kukwangua," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea agizo, akashika njia ya boma.